Waliosemekana Wamekimbia

Kwa miaka thelathini na minane Otilia Guardado alikuwa na desturi moja ambayo hakumwambia mtu. Kila mwaka, mvua za Mei zilipoanza, alimzeesha Eliseo kwa mwaka mmoja. Alimtia mvi mbili tatu juu ya masikio, akamwongezea kitambi, akampunguzia jino. Mwaka mmoja alimpa miwani. Eliseo alipotimiza hamsini alimpa mke wa huko huko ughaibuni, akamwonea wivu mke huyo mwezi mzima, kisha akamwondoa. Maana Eliseo Dubón alikuwa Marekani, Houston au Los Angeles au mji mwingine wowote, akipaka rangi nyumba za watu na kula chakula kisicho na ladha.

Ndivyo alivyoambiwa Agosti ya mwaka 1986, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na Eliseo ishirini na miwili, wote wapiganaji katika milima ya kaskazini ya El Salvador. Amekimbia, walimwambia. Ameegemeza bunduki kwenye mti, amevuka mpaka wa Honduras, amekwenda zake. Siku moja kabla yake Eliseo alikuwa amemwachia kitana chake na kusema, "Nirudishie jioni, nisije nikaonekana kichaka." Mtu anayetaka kutoroka hasahau kitana, Otilia alijiambia wakati ule. Kisha akajikataza kuwaza hivyo, kwa sababu wazo lile lilikuwa na mlango nyuma yake, na hakutaka kujua mlango unafungukia wapi.

Vita viliisha. Otilia aliolewa na fundi seremala, mtu mpole, wakapata binti mmoja, fundi akafa kwa ugonjwa wa figo na binti akaolewa mjini. Alimlilia mumewe kwa haki yote. Lakini hata hivyo, basi la kutoka mji mkuu liliposimama pale uwanjani El Copinolar, macho yake yalikwenda yenyewe kwa wanaume wanaoshuka, na kama kulikuwa na mmoja wa rika lile, mwenye mabega mapana na begi la kigeni, moyo ulimpiga mpaka amwone uso.

El Copinolar ni kijiji cha watu waliorudi. Jeshi lilikichoma mara mbili, wakazi wakaishi miaka saba kwenye kambi za wakimbizi Honduras, kisha wakarudi kwa miguu, wakiwa na paa zao za bati vichwani. Otilia alikuwa mwalimu wa shule hapo, na kando ya shule alikuwa mlinzi wa chumba cha kumbukumbu: picha za waliouawa ukutani, vipande vya mabomu, redio ya mawasiliano aliyoibeba yeye mwenyewe mgongoni. Kadi yake ya chama, kile cha waliokuwa wapiganaji, ilikuwa ya mwanzo kabisa katika wilaya ile. Kila kizazi cha watoto aliwaingiza chumbani humo na kuwaambia neno lilelile: "Wao waliua wakaficha. Sisi tulipokosea, tulisema." Aliliamini neno hilo kama anavyoamini kwamba maharagwe huota.

Miaka tisa kabla ya hadithi hii, Mama Tránsito Orellana aliingia chumbani humo na picha ya mwanawe Wilber imefungwa kwenye aproni.

"Mwalimu, naomba umweke na wenzake," alisema.

"Mama Tránsito, ukuta huu ni wa waliokufa."

"Na huyu amekufa."

"Aliondoka, mama. Walioondoka hatuwaweki."

"Aliondoka kwenda wapi? Wilber mto ulikuwa unamtisha mpaka kuvushwa kwa kushikwa mkono. Huko Marekani alifikaje, kwa kubebwa?"

"Maneno ya namna hiyo ndiyo wanayotaka tuyaseme, wale waliotuchoma."

Mama Tránsito aliikunja picha ndani ya aproni, polepole, kama anavyofunga mtu chakula kilichokataliwa. Akatoka. Otilia alirudi kupangusa vumbi kwenye fremu, na kusema kweli, siku ile alijiona amefanya kazi yake vizuri.

Sasa, mwaka huu, mwezi wa Februari, wanaume wa kijiji walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji nyuma ya kanisa la zamani. Sururu ya Chepe Alvarenga ikagonga kitu kisichokuwa jiwe. Walilitoa pipa la plastiki la bluu, mdomo wake umezibwa kwa lami na mpira wa baiskeli, wakalibeba hadi shuleni wakiimba kama wamebeba mtakatifu.

"Mwalimu, tumekuletea hazina," alisema Chepe, jasho likimtiririka. "Nilishawaambia hawa: ikiwa dhahabu tunagawana, ikiwa makaratasi ni ya mwalimu peke yake."

"Basi mwisho wenu ndio huo," Otilia alisema. "Dhahabu haihitaji kuzibwa kwa mpira wa baiskeli."

Yalikuwa makaratasi. Shule ilikuwa imefungwa wiki zile kwa ajili ya ukarabati wa paa, kwa hiyo alikuwa na darasa zima la kuyaanikia. Alitandaza karatasi moja moja juu ya madawati, nyingine akazibana kwenye kamba kama nguo za mtoto. Kulikuwa na nyimbo zilizopigwa chapa, orodha za dawa, namna ya kutengeneza sabuni kwa majivu, barua za mapenzi ambazo hazikufika. Otilia alikuwa akisoma huku akicheka peke yake. Watu aliowajua wakiwa wazee au marehemu walikuwa humo wakiwa vijana wenye njaa na utani. Kwa siku kumi na moja alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu mumewe afe. Sikukuu ya Kurudi ilikuwa imebaki wiki tatu, na alishapanga maonyesho yote kichwani.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alifungua daftari la shule lenye jalada la kijani.

Kwanza aliujua mwandiko. Herufi ya "y" ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoano ya samaki. Aliujua kwa sababu ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Aliyemfundisha kusoma, akiwa msichana wa miaka kumi na minne asiyejua a wala be, kambini kwa wakimbizi, kwa mkaa juu ya ubao, alikuwa Amadeo Rivas, na Otilia aliiga mkia ule, na watoto wote wa El Copinolar waliuiga kwake.

Kisha akasoma. Ilikuwa kumbukumbu ya kikao cha tarehe tisa Agosti 1986. Wanaotuhumiwa kuwa wapelelezi wa jeshi: majina kumi na moja, majina ya vita, si ya ubatizo. Mbele ya kila jina, nani aliyemtaja. Jina la saba lilikuwa Wil, yaani Wilber. Jina la tisa lilikuwa Tino. Tino, ametajwa na Wil. Mbele ya kila mmoja palikuwa na msalaba mdogo wa kalamu, na chini ya ukurasa mistari miwili: Imetekelezwa tarehe 11, bonde la Guayabo. Wenzao waambiwe wamekimbia.

Tino alikuwa Eliseo.

Watu wanaposimulia mambo ya namna hii husema mtu alianguka au alipiga kelele. Otilia hakufanya hivyo. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha. Ilimjaa kifuani kabla hajapata nafasi ya kuizuia: hakuniacha. Hakuniacha, hakuniacha. Alikaa kwenye kidawati cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamemfikia kidevuni, akatabasamu juu ya karatasi inayosema mpenzi wake aliuawa. Alipogundua anatabasamu, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Kilichofuata kilikuja polepole zaidi na kilikaa zaidi. Yule mzee wa Houston, mwenye miwani na kitambi, hakuwahi kuwepo. Zile mvi alimpakia nani? Na wivu wake ule wa mwezi mzima, alimwonea nani? Alikuwa amemlea mwanamume mzima kichwani, mwaka hadi mwaka, na sasa ilimbidi amzike naye pia. Kilichobaki ni kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Alimtamani yule mzee. Alitamani hata kule kusalitiwa.

Siku tatu hakufanya lolote. Daftari lilikaa chini ya gunia la mahindi jikoni, na kila alipopika alilitazama gunia, kisha moto. Asidhani mtu kwamba hakuliwaza jambo hilo la kulichoma. Aliliwaza sana. Waliokichoma kijiji walikuwa hawajawahi kusimama mbele ya hakimu hata mmoja. Wengine walikuwa na mashamba na wajukuu. Kwenye televisheni kulikuwa na watu waliokuwa wakisema kila wiki kwamba vita vile vilikuwa upuuzi mtupu, wauaji kwa wauaji, tusahau. Ukurasa mmoja wa daftari hilo ungewatosha kwa mwaka mzima. Na aliwaza pia kuhusu chumba chake, na watoto, na ile sentensi. Sisi tulipokosea, tulisema. Kama angelichoma daftari, sentensi ile ingekuwa uongo kwa mkono wake mwenyewe. Kama asingelichoma, ilikuwa uongo tayari.

Siku ya nne alilifunga kwa kitambaa akaenda kwa Amadeo Rivas, Don Amadeo kama wote walivyomwita kwa heshima.

Alimkuta barazani, mguu wake wenye kisukari umewekwa juu ya stuli, akimenya maharagwe mabichi kwenye beseni. Alikuwa na miaka sitini na minane lakini alionekana kama wa themanini.

"Umekuja na uso wa mwalimu," alisema. "Nimekosea hesabu ipi?"

Otilia alivuta kiti, akafungua kitambaa, akamwekea daftari mapajani, juu ya maganda. "Hii 'y' ni yako, Don Amadeo?"

Mzee alivaa miwani. Alitazama muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma ukurasa mmoja. "Hili lilitakiwa kuchomwa," alisema mwishowe. "Aliyepewa kazi hiyo aliuawa wiki ileile. Nilidhani alikwisha fanya."

"Mimi nilidhani mambo mengi."

"Unataka nikuambie nini ambacho hukusoma?"

"Kila kitu. Nina nafasi."

Akamwambia. Mwaka ule kambi tatu zilipigwa mabomu ndani ya mwezi mmoja, kama mtu amewaonyesha marubani kwa kidole. Wakamkamata mmoja, na huyo kweli alikuwa mpelelezi. Alikutwa na karatasi. Wakamuuliza nani wengine. "Tulimpiga, Otilia. Akataja. Tukawapiga aliowataja, nao wakataja. Mtu aliyepigwa hutaja jina lolote alilo nalo karibu. Tulikuwa tumeshaliona hilo kwa jeshi, walivyotufanyia sisi. Tulilijua kabisa. Na bado kila jina jipya tuliona ni ushahidi."

"Wilber alimtaja Eliseo kwa nini?"

"Walilala chini ya turubai moja. Basi."

Otilia alitazama mikono yake. "Na mimi? Mbona mimi sikutajwa? Nililala chini ya turubai hilo nusu ya siku zangu."

Don Amadeo alivua miwani. "Ulitajwa," alisema. "Nilikuwa mimi naandika. Sikukuandika."

Jogoo wa jirani alipita barazani, akadonoa ganda, akaenda zake.

"Alisema nini? Eliseo. Mwisho."

"Sikwenda bondeni. Mimi niliandika tu."

"Hukumuuliza mtu?"

"Sikumuuliza mtu."

Hapo ndipo Otilia alipokaribia kulia, kwa neno hilo la kutouliza. Alikuwa ametamani kauli moja tu, hata kama ni tusi, kwa miaka yote ile, na mtu aliyeweza kumpatia hakuuliza.

"Mwalimu," alisema Don Amadeo, na alimwita hivyo kwa unyenyekevu ambao Otilia hakuutaka, "daktari ameniambia huu mguu hauondoki peke yake. Ngoja nife. Si mbali. Nikishakufa fanya utakavyo. Na ngoja uchaguzi upite. Ukilitoa sasa, unawapa zawadi waliotuchomea mama zetu. Watacheka, Otilia. Unajua watacheka."

"Najua."

"Na ardhi hii tuliipata. Shule ulipata. Hayo nayo ni kweli, au siyo?"

"Ni kweli."

"Basi?"

Otilia alilichukua daftari, akalipangusa maganda. "Mama yake Eliseo alikufa akimwita mwanawe msaliti. Majirani walipomtaja alikuwa anatema mate chini. Niliwahi kumsaidia kutema, Don Amadeo. Hiyo nayo ni kweli, au siyo?" Akasimama. "Umenifundisha kusoma. Sasa unataka nisome nusu."

Hakwenda kwenye kamati ya chama, ingawa ndiko kanuni zilikomtaka aende. Alikwenda kwa Mama Tránsito.

Njia nzima alibishana na nafsi yake juu ya jambo moja. Angeweza kumwambia mama yule kwamba mwanawe aliuawa na kuishia hapo. Si lazima amwambie kwamba Wilber alimtaja mtu. Ingekuwa huruma. Lakini ilikuwa ni huruma ya namna hiyo iliyompa Otilia mzee wa Houston, na tena, chini kabisa ya moyo, alijua kuna sehemu yake iliyomchukia Wilber tangu siku nne zilizopita, na sehemu hiyo ndiyo iliyotaka kunyamaza, ili iendelee kumchukia kwa raha.

Mama Tránsito alikuwa na miaka themanini na mitatu na macho yake yameingia ukungu. Alikuwa akichoma tortilla, zile chapati za mahindi, jikoni. Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza.

"Umekuja kuniambia kwamba ukuta umejaa?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kukusomea kitu. Nami nimekuja kuomba radhi, lakini kwanza nisome."

Akasoma. Mama Tránsito aligeuza tortilla kwa vidole, akaiacha, ikaungua, hakuitoa. Otilia alipomaliza, mama alisema, "Soma tena." Akasoma tena. "Tena." Mara ya tatu alipofika kwenye "ametajwa na Wil", sauti ilimgoma, na mama akangoja mpaka ikarudi.

"Huyo Tino ni nani?"

"Alikuwa wangu."

Mama Tránsito aliketi kwenye gogo karibu na jiko. Moshi wa tortilla iliyoungua ulijaa chumba. "Mwanangu alimtaja wako," alisema.

"Alipigwa, mama. Kila mmoja wao alipigwa."

"Alikuwa mwoga tangu tumboni. Kuku alimkimbiza." Akafikiri. "Unamchukia?"

"Siku nne nilimchukia. Leo njiani bado kidogo."

"Hiyo ni haki yako. Ukimaliza uniambie." Akanyoosha mkono gizani mwa macho yake mpaka akaupata mkono wa Otilia, na hakuubembeleza, aliushika tu kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto. "Miaka yote hii walinipita njiani kama mwenye ukoma. Na wewe ulikuwa mmoja wao, mtoto, tena wa mbele. Sasa nenda ukawaambie walewale, mahali palepale ulipowaambia lile la kwanza. Usiniambie mimi jikoni halafu uishie hapa."

Sikukuu ya Kurudi iliangukia Jumamosi. Watu walijaa ua wa shule, chapati nene za pupusa zikichomwa, wageni wa chama wamekuja na bendera zao. Otilia alipopewa kipaza sauti aanze hotuba yake ya kila mwaka, alisema, "Leo nitasoma ukurasa mmoja," akasoma. Aliyasoma majina ya vita, kisha ya ubatizo kwa wale aliowajua, saba kati ya kumi na moja. Aliposema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewanyima ukuta, alimtafuta Mama Tránsito kwa macho, akamwona mstari wa mbele, amevaa gauni jeusi.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, mwingine akamwambia anyamaze, na mzee mmoja aliyepoteza ndugu watano kwa jeshi akainuka na kusema, kwa sauti ya chini, "Ulikuwa na mwaka mzima wa kuchagua siku, Otilia, ukachagua hii." Akaondoka na familia yake yote. Mgeni wa chama alikuja kumnong'oneza kwamba karatasi zinaweza kughushiwa. "Hiyo haikughushiwa," alimjibu. "Mwandiko huo ninao mwenyewe."

Wiki iliyofuata kamati ilimvua ulinzi wa chumba. Mtu aliandika kwenye ukuta wa nyumba yake, kwa rangi nyekundu, neno aliloitwa Eliseo kwa miaka thelathini na minane: msaliti. Chepe Alvarenga alikuja na brashi na chokaa. "Sogea, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuletea balaa, acha nikupakie." Na akiwa anapaka aliongeza, bila kumtazama, "Mjomba wangu ni jina la pili. Sisi tulikuwa tunamngoja kutoka Kanada."

Alikuja pia mtu kutoka gazeti moja la mji mkuu, kijana mwenye viatu vizuri. Alitaka Otilia aseme kwamba sasa ameona: vita vyote vilikuwa uongo, na waliopigana walikuwa majambazi. Alimwekea swali hilo kwa namna tano tofauti.

"Umeshakunywa kahawa?" Otilia alimuuliza mwishowe.

"Nimekunywa, ahsante."

"Basi sikiliza. Baba yangu alifungwa kwenye mti na jeshi kwa sababu alidai maji ya kunywa shambani. Hilo lilikuwa kweli mwaka jana na ni kweli leo. Sikusema haya ili mtu afurahi. Ukiandika la daftari, andika na la mti. Kama hayaingii yote mawili, usiandike."

Hakuandika.

Mwezi wa Aprili, wataalamu wa kutafuta mabaki ya watu walipata kibali cha kuchimba bonde la Guayabo. Shida ilikuwa moja: bonde lile lina urefu wa karibu kilomita mbili, na daftari halikusema ni wapi. Asubuhi walipokuwa wakibishana juu ya ramani, alikuja nyumbu akiongozwa na mpwa wa Don Amadeo, na Don Amadeo mwenyewe juu yake, mguu umefungwa vitambaa vyeupe. Tangu ile Jumamosi hakuna aliyemwona nje ya nyumba yake.

Hakumsalimu mtu. Aliteremshwa, akashika fimbo, akatembea. Alipita jabali la kwanza, akapita la pili, akakata kushoto penye mkondo uliokauka, bila kusita hata mara moja, na watu wote wakamfuata. Chini ya jabali la tatu alisimama akaichomeka fimbo ardhini.

Otilia alikuwa nyuma yake hatua mbili. Alielewa kabla mzee hajageuka.

"Ulisema hukuja bondeni," alimwambia.

"Nilisema." Alikuwa akihema. "Nilikuja na taa, nikawamulikia."

Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipuliza vumbi juu ya mchanga, na vijana wa wataalamu walijifanya wanapanga kamba zao.

"Hakulia," alisema Don Amadeo. "Alisema kuna makosa. Alisema, 'Ndugu, mimi sina haraka, kaulizeni tena.' Alisema hivyo mara mbili. Alidhani kweli tutakwenda kuuliza."

Otilia aliitikia kwa kichwa. Hakumgusa mzee wala hakumtukana. Alimwambia mpwa wake amtafutie kivuli, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na mguu ule haukufaa kusimama. Kisha akaenda nyuma ya jabali la pili, na huko, kwa mara ya kwanza tangu Februari, alilia, kwa sauti, kama wanavyolia wasichana wa miaka kumi na tisa. Mama Tránsito alisikia, akawaambia watu wamwache.

Kuchimba kulichukua wiki tano, mpaka mvua zikakaribia. Kila siku Mama Tránsito na Otilia walikaa ukingoni juu ya mikeka, wakala tortilla na maharagwe kutoka bakuli moja, wakazungumza habari za Wilber na kuku, na za Eliseo aliyekuwa akiimba vibaya. Siku ya ishirini walipata wa kwanza. Walipofika wa nane, mtaalamu mmoja, binti mwenye kofia pana na sauti ya upole, alikuja na fomu zake kwa kila familia, ili wapate kujua nani ni nani.

"Mwalimu, huyu Eliseo," alisema, "alikuwa na mfupa uliowahi kuvunjika? Jino la bandia?"

"Hapana. Meno yake yalikuwa mazuri."

"Urefu je? Unakumbuka sentimita, hata kwa kukadiria?"

"Hatukuwahi kupimana."

"Basi nitaacha wazi."

"Usiache," alisema Otilia. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, akakung'uta sketi, akasimama wima kabisa mbele ya binti yule, akafumba macho. Alisogea nusu hatua mbele, kama mtu anayesogea kumpisha mwingine amkumbatie, akainamisha kichwa kidogo. Kisha akainua mkono, akauweka hewani juu ya paji lake la uso, mahali kidevu cha Eliseo kilipokuwa kikifika.

"Hapa," alisema. "Pima hapa."

Binti alifungua utepe wake wa kupimia, akapiga goti kushika mwisho mmoja ardhini, na Otilia hakuushusha mkono mpaka alipomaliza kuandika.